Anataka kununua duka na jina lake, ila wateja wasiambiwe

BARUA

Dada mshauri habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 52, mjane, nipo hapa Moshi mjini, nina duka la chakula cha mifugo maeneo ya Mbuyuni, jina la duka nisilitaje maana mji huu tunajuana. Huwa nakusoma tu sijawahi kuandika, ila safari hii usingizi umepaa wiki ya pili sasa na sina wa kumwambia kwa sababu karibu kila ninayemjua ni mteja wangu.

Duka alianzisha marehemu mume wangu 2009, magunia sita ya pumba na mzani wa kuazima. 2015 akafariki. Watu wakaniambia funga tu, magunia si kazi ya mwanamke, mi nikasema ngoja nijaribu mpaka watoto wamalize shule, nimejaribu mpaka leo. Nauza pumba, mashudu, dagaa, chokaa, na chakula cha kuku wa mayai tunachanganya wenyewe. Nina kijana mmoja alikuja na miaka 17 kubeba mizigo mume wangu akiwa bado hai, sasa hivi ana 29 na ndo yeye anayechanganya, mi nakaa kwenye hela na daftari. Kuna wateja wakifika hata hawaniulizi mimi, wanauliza dogo yuko wapi.

Nikwambie kitu kimoja ili unielewe. 2018 nilinunua mahindi kumbe ndani yameingia ukungu, sikuona, tukasaga tukachanganya, baada ya siku chache kuku wa watu wakaanza kupunguza kutaga. Mtu mwenye kuku 200 anamaliza gunia la kilo 50 kwa siku mbili, sasa fikiria hasara yake kwa wiki. Sikusubiri waje kugomba. Nilichukua daftari nikakodi kirikuu, mi na dogo tukazunguka Pasua, Njoro, mpaka Uru juu huko, nyumba kwa nyumba, tukakusanya kile chakula tukawapa kingine bure. Ilinikula karibu milioni mbili na nusu na mwaka huo nilikuwa na ada za watoto wawili, nililia dada. Ila tangu hapo mtu anapita maduka matatu yenye bei ya chini kuliko yangu anakuja kwangu.

Sasa mgongo umekataa. Mama yangu yupo Mwika peke yake ana miaka 84, na kitinda mimba wangu yupo mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Mwezi uliopita dalali akaniletea mfanyabiashara wa Arusha ana maduka kama haya mawili huko. Akahesabu mali iliyomo akasema milioni 17, halafu anaongeza 14. Nikauliza 14 ya nini, akasema ya gudwili. Dalali akanitafsiria, mama hiyo ni kilemba. Kwa kweli nilishangaa, yaani kuna mtu anaona kitu cha milioni 14 humu ndani ambacho mi sijawahi kukiweka kwenye mzani.

Ila ana masharti. Bango libaki kama lilivyo. Line ya simu ya duka nimwachie. Daftari la madeni liwe lake, na nje kuna kama milioni nne na laki sita. Nisifungue duka la namna hii Moshi miaka mitatu. Halafu nikae kaunta miezi miwili kama kawaida na wateja wasiambiwe kwamba duka limeuzwa, na dogo naye asiambiwe mpaka tumesaini. Anasema mama biashara ni kimya. Na siku ile alipokuja aliniuliza kwa nini naweka dagaa nyingi hivi, kwake wanapunguza na watu wananunua tu.

Shemeji yangu naye kashasikia maana dalali ni rafiki yake, anasema bango lina jina la ukoo kwa hiyo hiyo 14 ni ya ukoo. Hilo linaniudhi ila halininyimi usingizi. Kinachoninyima ni hiki, nikijiona nimekaa pale kaunta, anakuja yule mzee wa Uru anayelipa maziwa yakilipwa, ananiambia mama nipe mbili mwisho wa mwezi, mi naitikia sawa, kumbe anakopa kwa mtu asiyemjua. Mume wangu alipofariki hawa watu walikuja msibani Marangu na kirikuu mbili, ndizi, maziwa, sukari, kuni, watu ambao nilikuwa nawajua kwa kuku zao tu.

Niuze? Hiyo gudwili ni yangu kweli au nauza kitu cha watu? Na nikishaiuza mi nabaki na nini?

Mama wa Mbuyuni


JIBU

Dada yangu, pole na mgongo na pole na usingizi. Barua yako nimeisoma mara tatu. Kama nimekuelewa, unayo sababu ya kweli ya kupumzika, mnunuzi ana hela mkononi, na bei yenyewe hujailalamikia hata mara moja. Umekwama kwenye zile 14. Unahisi zinalipia kitu ambacho hakikai kwenye rafu, kinakaa vichwani mwa watu, na mnunuzi anataka ukikabidhi bila hao watu kujua.

Tuanze na neno lenyewe maana naona limekutisha. Mwaka 1810 huko Uingereza kulikuwa na kesi ya biashara ya kubeba mizigo iliyouzwa halafu mwenyewe wa zamani akaanza tena kazi ileile, jaji akiwa Lord Eldon akasema gudwili iliyouzwa pale si chochote ila ule uwezekano kwamba wateja wa zamani wataendelea kwenda palepale pa zamani. Basi. Mzee wa Uru anashuka na gunia tupu, miguu yake inamleta kwako bila kufikiria, hiyo ndo jamaa wa Arusha anainunua. Na usishangae kwamba hukuwahi kuiona kwenye mahesabu yako, hata wahasibu wa makampuni makubwa kanuni zao haziwaruhusu kuandika vitabuni gudwili waliyojijengea wenyewe, inaandikwa siku mtu mwingine anaponunua biashara na kulipa zaidi ya thamani ya vilivyomo. Kwa hiyo miaka yote hiyo ilikuwepo, ila haikuwa na bei.

Sisi watu wa Kilimanjaro tunaijua bila hilo jina. Babu zetu wa kahawa walikuwa wanapeleka kahawa chama cha ushirika, wanapokea malipo ya awali, halafu wanarudi nyumbani kusubiri malipo ya pili. Mtu ametoa mavuno ya mwaka mzima na anasubiri! Kule kukubali kusubiri ndo mali yenyewe, na siku mkulima akichoka kusubiri hakuna bango litakalomrudisha.

Sasa umeuliza ni yako au ni ya watu. Naomba tuliangalie taratibu hili, maana umeliweka kama lazima iwe moja kati ya mbili. Ile kazi ya 2018, kirikuu, machozi, milioni mbili na nusu, hiyo ni yako na hakuna anayeweza kukunyang'anya. Ila imani aliyonayo mteja ni ya mteja, anaweza kuibeba kesho akaondoka nayo. Na mkono unaochanganya ni wa dogo. Ukichukulia hivyo, unachoweza kuuza kihalali kabisa ni nafasi ya kwanza, yaani mnunuzi anapata kujaribiwa na wateja wako kabla ya wengine. Kuwauza wao huwezi, na nadhani hata wewe unalijua ndo maana hulali.

Kuhusu bei, kuna hesabu wanayotumia watu wa biashara. Chukua faida ya mwezi, toa mshahara ambao ungemlipa mtu afanye kazi yako wewe, kinachobaki ndo jina linachokuingizia. Tuseme kwa mfano inabaki laki tano, ni milioni sita kwa mwaka, basi 14 ni kama miaka miwili na miezi minne ya jina lako. Weka namba zako uone. Ila jiulize na hili, hiyo laki tano itaendelea kuingia wewe ukiwa Mwika na dogo akiwa hayupo? Na soma mkataba wako wa fremu, maana mnunuzi anaweza kuwa analipia pale mahali zaidi ya jina, na mwenye nyumba akikataa kumpokea hayo mazungumzo yote yanakuwa bure.

Yule bwana nisimhukumu, sijamsikia. Sharti la miaka mitatu si uonevu, ni la kawaida kwa anayenunua jina, kwa sababu huko huko Uingereza mahakama mwaka 1896 ilisema aliyeuza gudwili anaweza kufungua duka lingine, asichoweza ni kuwafuata wale wateja wa zamani kuwavuta, kwa hiyo asipoandikisha zaidi ya hapo anaogopa utafungua ng'ambo ya barabara. Hata kimya chake naweza kukielewa, anaogopa watu watatawanyika kabla hajawazoea. Lakini kuelewa hofu ya mtu ni kitu kimoja, wewe kukaa kaunta kuwa pazia lake ni kingine.

Tena hicho kimya kina matatizo ambayo hata hayahusiani na dhamiri. TIN, yaani namba ya mlipakodi, ni yako, mashine ya EFD ya kutolea risiti imesajiliwa kwa TIN yako. Akiuza kwa mashine yako, kodi inasomeka kwako. Akitumia yake, risiti inatoka na jina lake na mteja anasoma. Line ya duka umeisajili kwa alama zako za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, ukimwachia tu hivihivi chochote kitakachofanyika kwenye ile line, mikopo ya simu, utapeli, miamala, watakutafuta wewe, kuna utaratibu wa kuihamisha rasmi na ni wa lazima. Leseni nayo ina jina lako. Jina la biashara kama liko BRELA, wale wanaosajili majina ya biashara, umiliki unabadilishwa huko huko BRELA. Kwa hiyo mtu anayesema biashara ni kimya anakuomba ubebe mzigo wake kwa miezi miwili, na kama hajafikiria hivyo ni vizuri akasikia kutoka kwako.

Ukimwambia unataka miezi miwili hiyo hiyo ila kwa wazi, unakaa kaunta unamtambulisha kwa mteja, mzee, huyu ndo mwenye duka sasa, mi nampisha, yanaweza kutokea mawili. Anaweza kukubali, na mara nyingi mteja aliyetambulishwa anakaa kuliko aliyegundua mwenyewe. Au atasema basi nashusha kilemba. Kama atashusha mpaka nane, hizo sita zilizopungua zinakuwa zilikuwa zinalipia kimya chako, na ni wewe tu unayejua kama kina bei hiyo. Sisemi hakina, una mtoto chuoni.

Daftari lile ningelitenga kabisa na mambo mengine. Mali bila daftari huisha bila habari, ndio, lakini daftari lako si la mali tu, humo umeandika nani analipa maziwa yakilipwa na nani alifiwa ukamsogezea. Mtu mgeni ataona majina na namba. Unaweza kulibakiza ukadai mwenyewe pole pole, hatari yake ni kwamba ukishaondoka dukani wengine watakwepa na huenda ukapoteza hata milioni. Unaweza kumuuzia kwa bei ya chini na kuandikiana namna ya kudai, hatari ni kwamba maandishi hayamzuii mtu kuwa mkali. Au ukawaambia wadaiwa kabla, mwezi huu tufunge hesabu, ila hapo watajua kuna kitu.

Sasa dogo. Hapa ndo nilisimama muda mrefu, na naomba usinichukie. Umemtaja mara nyingi kwenye barua lakini kwenye maswali yako hayumo. Umeuliza gudwili ni yako au ya watu, yeye umemweka upande gani? Kisheria, sheria ya ajira ya 2004 inasema ukimwachisha mtu kazi unamlipa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku saba kwa kila mwaka, na hesabu inaishia miaka kumi. Kwa hiyo miaka yake 12 inakuwa siku 70. Siku 70 ukiziweka pembeni ya milioni 14 unaona mwenyewe. Na neno kilemba, kwa watu wa pwani asili yake ni heshima anayopewa mwalimu au fundi aliyemfundisha mtu kazi. Mume wako alimfundisha dogo kubeba, nadhani dogo amewafundisha wateja wengi kulisha kuku.

Kuna kitu mnunuzi hajakiona au amekiona akanyamaza. Sharti la miaka mitatu linakufunga wewe, halimfungi dogo. Dogo akisikia siku ya kusaini kwamba ameuzwa pamoja na mzani, anaweza kukodi fremu mita hamsini kutoka pale na wale wanaouliza "dogo yuko wapi" watapata jibu. Umefikiria kwamba kumwambia mapema kutakukosesha mauzo. Inawezekana. Inawezekana pia kutomwambia ndo kutakakoharibu, kwa wewe, kwa mnunuzi, na kwa dogo mwenyewe ambaye kwa maelezo yako alikuwa kwenye ile kirikuu.

Njia nyingine nimeziona ila hakuna iliyo laini. Dogo anunue yeye kwa awamu, mathalani anakulipa kila mwezi kutoka dukani, wateja wanabaki, dagaa hazipungui, lakini hela ya ada haiji kwa mkupuo, na siku mwezi mmoja akikwama utamdai vipi mtu uliyemlea? Mapenzi na madeni yakichanganyika huwa yanaumiza kuliko mgeni asiyelipa. Au uuze mali peke yake kwa zile 17, ushushe bango, jina la mume wako ulihifadhi, unapoteza 14 na pengine baada ya mwaka watu watalisahau duka ukaumia kwamba uliacha hela na jina halikukaa. Au uuze kila kitu kwa huyu bwana kwa sehemu, nane sasa na sita baada ya mwaka kama mauzo yamekaa, hiyo inampa sababu ya kutopunguza dagaa, ila mwaka ujao akisema mauzo yameshuka wewe utajuaje, utahitaji wakili na maandishi ya wazi nani anaangalia vitabu.

Ya shemeji yanaishia kwenye mirathi. Kama duka liligawiwa na karatasi za mahakama zinasema ni lako, mwonyeshe. Kama mirathi haikuwahi kufunguliwa, anza na hilo kabla ya kusaini kwa mtu yeyote, maana mnunuzi mwenye akili atauliza. Jina la ukoo kwenye bango lina uzito wake wa heshima, na kama mnaelewana unaweza hata kumuuliza yeye na wazee wangejisikiaje kuona mgeni anafanya biashara chini yake. Ila 2018 hakuwemo kwenye gari.

Umeuliza ukiuza unabaki na nini. Hapo nakurudisha Marangu, 2015. Wale watu walikuja na kirikuu mbili kabla hujachanganya hata gunia moja kwa mkono wako, walikuja kwa ajili ya marehemu na kwa ajili yako. Hakuna mkataba wowote unaoweza kuhamisha hilo kwenda Arusha, kwa sababu halikuwa la duka. Nikikwambia hofu yangu ni moja tu, kwamba ile miezi miwili ya kimya ndo pekee katika masharti yote inayogusa upande huo. Mzee wa Uru akijua baadaye kwamba ulikuwa unaitikia "sawa" kwa niaba ya mtu mwingine, hatamlaumu mnunuzi, hamjui. Lakini naweza nikawa nakosea kumhusu, wewe umemhudumia miaka mingi mi sijawahi kumwona. Huenda atacheka aseme mama ulikuwa umechoka.

Umesema kila unayemjua ni mteja wako ndo maana huna wa kumwambia. Nimelifikiria sana hilo. Mama yako Mwika si mteja, na miaka 84 ameona watu wakiuza mashamba na wengine wakigoma. Mpelekee haya mambo wikiendi hii, umweleze bila kutaja bei kwanza, umsikilize anauliza nini. Halafu niandikie tena, hata kama utakuwa umeshasaini, nataka kujua dogo alisema nini siku aliyoambiwa na nani aliyemwambia.